Atomu si mfumo wa jua mdogo

Jamani watu wa Mombasa, ile meseji imerudi tena kwa magrupu, ati kila atomu, chembe ndogo inayojenga kila kitu, ni mfumo wa jua mdogo, elektroni, vijichembe vya ndani yake, zazunguka kama sayari, kwa hivyo ndani ya ukucha wako kuna dunia zenye watu. Yavutia, lakini si kweli.

Elektroni haina njia kama sayari, iko kama wingu lililozingira kiini, yaani kitovu cha atomu, na lau ingezunguka vile ingetoa mwanga ikapoteza nguvu ikaanguka kwa kiini papo hapo. Halafu ina viwango maalum tu vya nishati, na ikishuka kutoka kimoja hadi kingine hutoa mwanga wa rangi fulani, ndo maana kila elementi, yaani kila aina ya atomu, ina rangi zake za mwanga. Jaribu usiku: chukua sidii kuukuu, iinamishe chini ya taa ya tyubu ya zamani, si ya LED, utaona vipande vya rangi vilivyoachana, lakini kwa balbu ya zamani ya waya rangi zimeungana kama upinde wa mvua.

Tunachanganyikiwa na ile picha ya duara duara ya vitabu vya shule, wazo la 1913, na miaka ya 1920 sayansi ikalipita, picha ikabaki sababu ni rahisi kuchora ubaoni, na siwalaumu walimu. Basi ikikufikia usiifowadi, mweleze aliyekutumia, polepole.