Kuunganisha programu na seva ya hifadhidata: tunayoyaamini na yalivyo

Mstari wa muunganisho ni mfupi. Unataja seva iliko, poti, jina la hifadhidata, jina la mtumiaji na nenosiri, basi. Kwa sababu ya ufupi huo wengi wetu tuliujifunza kwa kunakili: mwenzetu alitupa faili lake, tukabadilisha nenosiri, programu ikafanya kazi, tukashika mengine. Lakini kila neno katika mstari ule ni uamuzi ambao mtu fulani aliufanya, na uamuzi ulionakiliwa bila kueleweka hutudai siku programu inapolemewa na watumiaji. Dhana ninazozieleza hapa nimezisikia kwa mafundi hodari, na kadhaa kati yake nilizishika mwenyewe kwa miaka.

“localhost na 127.0.0.1 ni kitu kimoja”

Yote mawili hutaja mashine hii yenyewe, na kwa shughuli nyingi, ndiyo. Kwa MySQL, moja ya seva za hifadhidata, kwenye Linux, hapana. Draiva (maktaba inayoiunganisha programu na seva) zinazotegemea maktaba ya C ya MySQL zikikuta neno localhost hazipiti kwenye mtandao kabisa. Zinatafuta faili la soketi lililomo ndani ya mashine ileile, na namba ya poti uliyoandika inapuuzwa. Ukiandika 127.0.0.1 ndipo zinapita njia ya TCP, yaani ya mtandao, kwenye poti 3306 au nyingine uliyotaja. Hapo ndipo anaponaswa mtu mwenye seva mbili kwenye mashine moja: anaandika localhost na poti 3307, anaunganishwa bila kosa lolote, kisha anashangaa kuona majedwali ya seva ile nyingine. Draiva rasmi ya Java, kinyume chake, hutumia TCP hata ukiandika localhost, kwa hiyo programu mbili zenye usanidi uleule zinaweza kuishia kwenye seva mbili tofauti.

Kuna la pili, nalo ni la MySQL na ndugu yake MariaDB. Akaunti yao ni jozi ya jina na mahali mtumiaji anakotokea. 'mauzo'@'localhost' na 'mauzo'@'%' (% ni mahali popote) ni akaunti mbili, kila moja na nenosiri lake na ruhusa zake. Unaweza kubadilisha nenosiri la moja, ukakataliwa kupitia nyingine, na ukaapa kwamba seva imeharibika.

Na ndani ya kontena, yaani boksi linaloendesha programu ikiwa imetengwa na mashine, localhost ni kontena lenyewe. Kama hifadhidata iko kwenye kontena la jirani, taja jina la huduma ile kama lilivyo kwenye mtandao wa kontena.

“Ikikataa kuunganishwa, nenosiri lina makosa”

Dhana hii ndiyo inayokula saa nyingi kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mtu anayepiga hodi anaweza kukwama mahali pengi. Anaweza kupotea njiani. Anaweza kufika akakuta nyumba haina mtu. Anaweza kuitikiwa, akaulizwa yeye ni nani, jibu lake lisiridhishe. Seva na mfumo wa uendeshaji hutofautisha hali hizi vizuri sana, ila sisi tunaona maandishi mekundu na tunakimbilia kubadilisha nenosiri.

Programu ikikaa kimya mpaka muda wa kusubiri uishe, ujumbe wako haujafika, au umefika na jibu limepotea. Tazama anwani, tazama ukuta moto (firewall), tazama kanuni za mtandao. Nenosiri halijaulizwa.

Ukikataliwa papo hapo, mara nyingi mashine umeifikia lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti ile. Labda seva imezimwa. Labda inasikiliza ndani tu: PostgreSQL, seva nyingine ya hifadhidata, kwa chaguo-msingi ina listen_addresses yenye thamani localhost, yaani haimsikii yeyote wa nje mpaka uibadilishe na kuiwasha upya. Hapa pia nenosiri halijaulizwa. MySQL inakusaidia kwa namba: kosa 2002 linahusu soketi ya ndani, 2003 linahusu njia ya TCP.

Ukiona kosa 1045 kwenye MySQL, umefika mlangoni na umekataliwa kwa utambulisho. Soma ujumbe wote, kwa sababu seva inakuandikia jina na mahali ilipoona unatokea. Ukiwa umedhani unatokea kwenye anwani moja na seva inaonyesha nyingine, jibu unalo mbele ya macho.

PostgreSQL nayo hutoa alama zake. 28P01 ni nenosiri lisilo sahihi. 3D000 ni hifadhidata isiyokuwepo. Ikilalamika kwamba hakuna mstari wa pg_hba.conf, faili linaloorodhesha wanaoruhusiwa kuunganishwa, unaokuhusu, basi nenosiri hata halijafikiwa, maana hujaorodheshwa. Faili hilo husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaotumika. Ukishindwa kwenye mstari huo, seva haiendi kujaribu wa chini yake. Nimewaona watu wakiongeza ruhusa mwishoni mwa faili mara tatu, nne, wakati mstari mpana ulioko juu umeshaamua kesi yao. Na baada ya kuhariri, seva lazima iambiwe isome faili upya.

Kuna hali moja ambayo nenosiri linahusika kweli, ila kwa njia isiyotarajiwa. Mstari wa muunganisho ukiwa katika umbo la anwani ya wavuti, alama kama @, / na # zina kazi yake mle. Nenosiri lenye @ linaweza kuifanya draiva ikate mstari mahali pasipo pake, na kinachorudi ni lalamiko kwamba seva ya jina fulani la ajabu haijulikani. Alama hizo huandikwa kwa namba: %40 badala ya @, %2F badala ya /, %23 badala ya #. Nenosiri lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

“Miunganisho ikiwa mingi, kasi inaongezeka”

Programu ikizorota, mkono wa kwanza huenda kwenye ukubwa wa akiba ya miunganisho (connection pool), yaani miunganisho ambayo programu huiweka wazi ili itumike tena na tena. Ilikuwa 10, inakuwa 50, kisha 200. Mara nyingi hali inazidi kuwa mbaya, na sababu si fumbo. Katika PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato kamili wa mfumo wa uendeshaji, wenye kumbukumbu yake. MySQL hutumia uzi (thread) kwa kila muunganisho, jambo ambalo ni jepesi zaidi lakini si la bure. Seva yenye viini vinane vya kuchakata haiwezi kufanya hesabu mia mbili kwa wakati mmoja. Inachoweza ni kurukaruka kati yake, huku zikigombea diski na makufuli ya safu zilezile. Foleni inayosubiri ndani ya programu inagharimu kidogo kuliko msongamano ulioingizwa ndani ya seva.

HikariCP, akiba inayotumika sana kwenye Java, huanza na miunganisho 10 tu, na walioitengeneza wanapendekeza kuanzia kwenye hesabu ndogo: zidisha viini vya seva ya hifadhidata kwa mbili, ongeza idadi ya diski zinazofanya kazi. Kisha pima. Si sheria ya kila mahali, lakini inaonyesha namba halisi ziko chini kiasi gani.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau kuzidisha. Akiba ni ya nakala moja ya programu. PostgreSQL inakuja na max_connections (kikomo cha miunganisho) ya 100, na nafasi 3 kati ya hizo zimewekwa kando kwa msimamizi mkuu, kwa hiyo zako ni 97. Nakala 8 za programu zenye akiba ya 12 kila moja zinachukua 96. Inaonekana umepiga hesabu vizuri. Kisha siku ya kutoa toleo jipya, nakala mpya zinawashwa kabla za zamani hazijazimwa, na seva inaanza kurudisha 53300, yaani nafasi zimejaa. Watu wanalaumu toleo jipya na kulirudisha nyuma, ilhali msimbo wake haukuwa na kasoro. MySQL ina kikomo cha 151 kwa chaguo-msingi na kosa lake ni 1040, kisa ni kilekile.

Na kabla ya kuongeza namba yoyote, tafuta ni nani anayeshikilia muunganisho bila kuutumia. Niliyemkuta mara nyingi ni msimbo unaofungua muamala (transaction, kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa kwa pamoja), unapiga simu kwa huduma ya nje, unasubiri jibu sekunde kadhaa, kisha ndipo unahifadhi na kufunga. Muda wote huo muunganisho uko mkononi mwake na safu zimefungwa kwa makufuli. Toa ile simu nje ya muamala, na akiba ya 10 iliyoonekana finyu itatosha.

“Muunganisho ukishafunguliwa unabaki hai”

Timu moja niliyofanya nayo kazi ilikuwa na tatizo la asubuhi. Mtumiaji wa kwanza wa siku alipata kosa, wa pili wakati mwingine naye, kisha mambo yakawa sawa mpaka kesho yake. Walikuwa wameweka kazi ya kuwasha programu upya kila alfajiri, na kwa muda walidhani wametibu.

Chanzo kilikuwa wait_timeout ya MySQL, ambayo kwa chaguo-msingi ni sekunde 28800, yaani saa 8. Muunganisho uliokaa kimya muda huo, seva inaukata. Akiba ndani ya programu haikujua, ikawa inamkabidhi mtumiaji wa asubuhi muunganisho uliokufa usiku. Hata mahali ambapo seva haikati, vifaa vya katikati, kama ukuta moto au kigawanya mzigo, huweza kusahau muunganisho uliokaa kimya mapema zaidi, tena bila kumjulisha yeyote wa pande mbili.

Kuongeza wait_timeout si dawa. Dawa ni kuipa akiba umri wa juu wa muunganisho ulio mfupi kuliko kikomo kifupi kuliko vyote njiani, ili miunganisho istaafishwe na kufunguliwa mingine kabla hakijatokea kitu. HikariCP huweka dakika 30. Kama kifaa chako cha katikati hukata baada ya dakika 5 za ukimya, dakika 30 hizo hazikusaidii, kwa hiyo uliza.

Upande wa pili wa jambo hili ni muda wa kusubiri wakati wa kufungua. Maktaba ya C ya PostgreSQL, libpq, usipoiwekea connect_timeout haina kikomo chake yenyewe. Inasubiri mpaka mfumo wa uendeshaji uchoke. Seva ikiwa haifikiki, kila ombi la mtumiaji linaning'inia, na programu nzima inaonekana imekufa wakati ni hifadhidata tu isiyojibu. Andika sekunde chache pale, wazi.

“Nimeweka sslmode=require, mawasiliano yako salama”

Nusu ya safari. sslmode ni sehemu ya mstari wa muunganisho wa PostgreSQL inayoamua kama mawasiliano yanasimbwa fiche. Chaguo-msingi la libpq ni prefer: jaribu usimbaji fiche, ukishindikana endelea bila. Yaani anayeweza kuvuruga mazungumzo ya mwanzo anaweza kukufanya utume kila kitu wazi. Kwa require usimbaji fiche ni lazima, lakini kama hujaweka cheti cha mamlaka unayoiamini, programu haithibitishi ni nani aliye upande wa pili. Inaweza kuwa inamnong'oneza siri mtu asiye seva yako. verify-ca inakagua kwamba cheti kimetolewa na mamlaka hiyo. verify-full inakagua pia kwamba jina lililo kwenye cheti ndilo jina la seva uliyoitaja. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoitaka kwa seva yoyote iliyo nje ya mashine yenyewe. Kwenye MySQL inayofanana nayo inaitwa VERIFY_IDENTITY.

“Nenosiri nimeshalifuta kwenye msimbo”

Umelifuta kwenye toleo la leo. Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, inahifadhi historia, na yeyote mwenye nakala ya hazina ya msimbo anaweza kurudi nyuma na kulisoma. Nenosiri lililowahi kuingia humo libadilishwe, hakuna njia ya mkato. Jipya likae nje ya msimbo, kwenye vigeu vya mazingira au kwenye hifadhi ya siri.

Na akaunti yenyewe isiwe ya msimamizi mkuu. Programu inayosoma na kuandika majedwali haihitaji ruhusa ya kuyafuta majedwali. Tengeneza akaunti mbili, moja ya kubadilisha muundo wakati wa kutoa toleo, nyingine ya kazi za kila siku.

“utf8 ni utf8”

Katika MySQL, utf8 kwa muda mrefu limekuwa jina la usimbaji (namna ya kuandika herufi kwa baiti) unaoishia baiti 3 kwa herufi. Emoji nyingi huhitaji 4. Tumia utf8mb4, na iwekwe kwenye muunganisho pia, kwani jedwali lililo sahihi halikusaidii kama mazungumzo kati ya draiva na seva yanafanyika kwa usimbaji mwingine.

“Imeunganishwa, kazi imekwisha”

Kuunganishwa mara ya kwanza kunathibitisha kwamba ulikaribishwa siku hiyo. Usanidi hupimwa seva inapoondoka na kurudi. Kwenye mazingira ya majaribio, acha programu ikihudumia maombi, kisha zima hifadhidata kwa dakika moja na uiwashe tena. Tazama maombi yanashindwa haraka au yananing'inia. Tazama kumbukumbu za makosa zinataja sababu au zinasema tu kwamba kuna tatizo. Halafu hesabu sekunde kuanzia seva iliporudi mpaka ombi la kwanza lililofanikiwa, bila mtu yeyote kugusa programu. Kama ililazimu kuiwasha upya kwa mkono, rudi kwenye umri wa miunganisho na muda wa kusubiri, kisha uzime tena.