Kurenda animesheni yenye alfa: ile mistari myeusi pembeni inatoka wapi

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza Blender, programu ya 3D, ni hili: logo inazunguka vizuri, imerendika (yani imegeuzwa kuwa picha), ikifika kwenye DaVinci Resolve, programu ya kueditia, juu ya vidio ya harusi au tangazo inakuja na boksi jeusi nyuma yake. Au boksi halipo ila pembeni ya herufi kuna kamstari keusi kembamba, mteja anakaona na wewe hujui kametoka wapi. Haya ni mambo mawili tofauti.

La boksi ni dogo. Kwenye Render, sehemu ya Film, weka tiki kwenye Transparent, afu kwenye Output badilisha RGB iwe RGBA, wengi wanafanya hilo la kwanza wanasahau la pili. Na usitegemee MP4 ya H.264 tunayotumia kila siku, ile haina pa kuweka alfa, yani taarifa ya uwazi wa picha. ProRes 422, aina nyingine ya vidio, nayo vilevile, inayobeba ni ProRes 4444, hiyo 4 ya mwisho ndo alfa yenyewe.

Mimi hata hivyo sirendi vidio moja kwa moja kabisa. Natoa picha moja moja, kila fremu na faili lake, kwa aina ya PNG au EXR. Sekunde 10 kwa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 250, umeme ukikatika ukiwa kwenye ya 180 unafuta hiyo iliyoharibika unaendelea kuanzia hapohapo, wakati MOV iliyokatikia njiani mara nyingi haifunguki kabisa na kazi ya usiku mzima imekwenda. Toa tiki kwenye Overwrite na fremu zilizokwisha rendika hazitarudiwa.

Sasa kale kamstari. Alfa ni chaneli ya nne baada ya nyekundu, kijani na bluu, Ed Catmull na Alvy Ray Smith waliibuni pale New York Institute of Technology miaka ya 1970, inasema tu pikseli hii imefunikwa kiasi gani. Chukua pikseli ya ukingoni mwa herufi nyekundu, herufi imefunika nusu yake, kwahiyo alfa ni 0.5. Kuna njia mbili za kuiandika. Straight inaacha nyekundu ikiwa 1 kamili na alfa 0.5 pembeni, yani programu ya kueditia ndo itazidisha yenyewe. Premultiplied inakuwa imeshazidisha, nyekundu ni 0.5 na alfa 0.5. Ukiipa programu faili la premultiplied ikadhani ni straight itazidisha mara ya pili, nyekundu inashuka mpaka 0.25 na hapo ndo unapata ule weusi. Ikiwa kinyume chake kingo zinang'aa na kuwa na meno meno.

PNG ni straight, ndivyo kiwango chake kinavyotaka. EXR kwa kawaida ni premultiplied. Blender ndani yake inafanya kazi na premultiplied na ukiseivu PNG inageuza yenyewe, kwahiyo shida karibu kila mara iko upande wa kueditia. Kwenye Resolve bonyeza klipu kulia, Clip Attributes, angalia Alpha mode. After Effects ni Interpret Footage. Usifute kamstari kwa kupunguza kingo za picha, utakula herufi nyembamba na nywele za mhusika bure.

Kuna kitu kimoja PNG haiwezi na watu wanahangaika nacho sana, nacho ni moto na mng'ao. Mng'ao haufuniki kitu, unaongeza mwanga tu, yani rangi ipo lakini alfa ni 0. Kwenye premultiplied hesabu ya kuweka picha juu ya nyingine, ile waliyoiandika Porter na Duff 1984, ni rangi ya juu + rangi ya chini × (1 − alfa ya juu), alfa ikiwa 0 mwanga unajumlishwa juu ya vidio vizuri kabisa. Kupata straight lazima ugawe rangi kwa alfa, na kugawa kwa sifuri hakuna, mng'ao unapotea au unakatika vibaya. Kwa hiyo kazi yenye moto natoa EXR ya biti 16, au narenda mng'ao peke yake kwenye weusi mtupu afu kule kwenye kueditia nauweka kwa mode ya Add, inayojumlisha mwanga.

Rangi nazo angalia. Tangu Blender 4.0 chaguo la kawaida la View Transform, yani namna rangi zinavyogeuzwa kwa ajili ya skrini, ni AgX, nzuri kwa mandhari ila rangi ya kampuni ya mteja inapauka, kwa logo weka Standard. EXR yenyewe inatoka linear, yani thamani za mwanga zenyewe, bila hayo mageuzi, kwahiyo kule Resolve lazima uigeuze ndo ionekane sawa.

Kama editor anataka faili moja, unganisha PNG zako kwa ffmpeg, programu ya kugeuza vidio inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -framerate 25 -i logo_%04d.png -c:v prores_ks -profile:v 4444 -pix_fmt yuva444p10le logo.mov

Kabla ya kutuma iweke juu ya nyeupe tupu, afu juu ya rangi kali kama kijani, zumu mpaka pikseli zionekane. Juu ya nyeusi kamstari keusi hakaonekani, na wengi wanakagulia hapohapo.