Kusaini mapema sio kufanya kazi

Asalaam alaykum. Kila tukienda kutoa mafunzo ya utaratibu wa kazi usiobana kwenye maofisi, hapa Unguja na kule Pemba, suali la kwanza wanalotuuliza wakuu wa vitengo ni lile lile: nikimruhusu mtu aingie saa 3 au afanyie kazi nyumbani, ntajuaje kama anafanya kazi kweli? Na mimi huwarejeshea suali, sasa hivi akiwa mbele yako unajuaje? Hapo wengi wanalitaja daftari la mahudhurio, au ile mashine ya kidole. Lakini daftari linakwambia mtu kafika tu, alichokifanya baada ya kufika halikwambii, na mimi nnaona huu ndo mzizi wa tatizo lote la huu utaratibu wa kazi usiobana, ambao vijana wanauita fleksibo.

Nikupeni mfano. Kuna ofisi moja tulikaa nayo siku tatu kuangalia kazi zinavokwenda. Mama mmoja wa uhasibu anakaa Bumbwini, kule kaskazini Unguja, saa 12 kasoro keshatoka yupo barabarani anangoja gari, watoto kawaachia bibi yao awatayarishe kwenda skuli. Saa 1:20 keshasaini. Baada ya hapo kakaa. Hati za malipo hawezi kuzigusa mpaka mkuu wake azipitishe, na mkuu anaingia saa 3 na vikao vyake ndo vinaanza, kwa hiyo asubuhi nzima mama wa watu anapanga faili ambazo jana alishazipanga, anakunywa chai, anaangalia simu. Saa 8:30 hati zinashuka zote kwa mpigo. Saa 9:30 anatoka kuwahi gari, nusu ya hati zimebaki mezani, na yule mwenye kudai malipo yake anaambiwa njoo kesho. Siku zote tatu tulizokaa pale ilikuwa hivo hivo. Na kwenye daftari mama yule hana doa hata moja!

Tukawakalisha yeye, mkuu wake na afisa utumishi, tukawauliza kazi gani lazima ifanyike hapa ofisini na saa ngapi, na ipi haina haja. Kupokea hati na kugonga mihuri, lazima ofisini. Kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa za benki, inataka utulivu na kompyuta tu. Wakakubaliana aingie saa 2:30 atoke saa 10:30, saa ni zile zile nane, na mkuu nae hati azipitishe kabla ya saa 6. Hilo la mkuu watu hawalitegemei, lakini ukibadilisha saa za wa chini bila ya kugusa tabia ya wa juu hujafanya kitu. Alafu wakaandika nani atakaa dirishani saa 1:30 mpaka 2:30 mwananchi akija. Karatasi yote haijafika hata ukurasa mmoja, wote watatu wakatia saini.

Kuandika ni muhimu mana huku kwetu ruhusa nyingi zinatolewa kwa mdomo na kwa kujuana. Fulani anaingia saa 4 hakuna anaemuuliza, mwengine akichelewa dakika kumi anaandikiwa barua, basi hapo chuki inaanza na watu wanadhani tatizo ni fleksibo, kumbe tatizo ni upendeleo.

Na jambo lenyewe sio geni duniani. Ujerumani, kiwanda kimoja cha ndege karibu na Munich kilianza mwaka 1967 kuwaachia wafanyakazi wachague saa ya kuingia na ya kutoka, muradi saa za katikati ya siku wote wawepo, na sababu mojawapo ilikuwa foleni ya magari ya asubuhi. Anaeipita Darajani, pale sokoni mjini Unguja, asubuhi analielewa hilo bila kuelezwa. Uingereza tangu Aprili 2024 mfanyakazi ana haki ya kuomba mpango kama huu kuanzia siku yake ya kwanza kazini, haki ya kuomba lakini, mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria.

Kuhusu kufanyia kazi nyumbani, utafiti nnaoupenda kuwaeleza watu ni ule wa China, wa kampuni ya safari ya Ctrip kule Shanghai, walikuwa wapokea simu. Baadhi ya walojitolea wakafanya kazi nyumbani siku nne kwa wiki kwa miezi tisa. Ufanisi ukapanda asilimia 13, na kuacha kazi kukapungua kwa nusu. Wakuu wakilisikia hilo macho yanawatoka. Ila kuna upande wa pili ambao wengi hawausemi: karibu nusu ya wale walokaa nyumbani walipoambiwa wachague tena walitaka kurudi ofisini, kwa upweke, na waliokuwa nyumbani hawakupandishwa cheo kwa kiwango ambacho kazi yao ilistahiki. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo ewe mkuu, ikifika wakati wa kupandisha watu toa karatasi za kazi uzisome, usipandishe sura unazoziona kila siku.

Na nyumba zetu hazifanani na za Shanghai. Ukikaa nyumbani na laptop, jirani anakuona upo, shangazi anakwambia "wee si upo tu, niangalizie huyu mtoto naenda sokoni", mchana watoto wanarudi kutoka skuli alafu wanatakiwa wapelekwe chuoni kusoma Kurani. Wanawake ndo wanaobeba haya zaidi, wanafanya kazi mbili kwa wakati mmoja na hakuna anaeziona zote mbili. Nawashauri wazungumze na watu wa nyumbani kabla hawajazungumza na bosi. Umeme nao usisahauliwe, sisi tulokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ulipoharibika waya wa chini ya bahari tunajua kukaa gizani miezi mitatu ni nini, maofisi yalikuwa yanaendeshwa kwa jenereta na wasokuwa nalo walifunga mapema. Makubaliano yaseme umeme au mtandao ukikatika mtu afanye nini, aje ofisini au alipe saa hizo siku nyengine. Na faili za watu zisitembee kwenye flashi mtaani jamani, hilo nalisema kwa uchungu.

Wapo wasioweza kabisa kukaa nyumbani, muuguzi, mlinzi, kijana wa mapokezi hotelini Nungwi au Paje. Kwao fleksibo ni zamu inayojulikana mapema. Kijana akiipata zamu yake jioni ya leo kwa ajili ya kesho asubuhi hawezi kupanga hata harusi ya nduguye, lakini ikibandikwa wiki mbili kabla, na ikaruhusiwa kubadilishana na mwenzake kwa kuandika tu, utashangaa utoro unavopungua. Mbona Ramadhani tunaweza? Kila mwaka tunapanga zamu watu wawahi kufutari na kazi zinakwenda.

Pemba nako, afisa yupo Wete anaitwa Unguja kwa kikao cha muda wa saa mbili tu, anapanda boti, analala, anarudi, siku tatu zimekwenda na posho juu. Kikao kile kingefanywa kwa video.

Na simu. Kundi la WhatsApp la ofisi linalia saa 4 usiku, bosi anauliza ripoti, na asiejibu anaonekana mvivu. Ufaransa waliliingiza kwenye sheria kuanzia Januari 2017, kwamba mfanyakazi ana haki ya kukata mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi. Huku andikeni wenyewe kwenye makubaliano, ikishafika saa fulani ni dharura tu, na dharura ipigiwe simu.

Jambo moja la sheria, mana nnaona watu wanajichanganya. Masuala ya kazi Zanzibar yana sheria yake. Usichukue sheria ya ajira ya Tanzania Bara mtandaoni ukaja kumtishia nayo mwajiri wako hapa, ya kwetu ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na watumishi wa umma wana Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Mpango wowote mtakaopanga uwe ndani ya hizo, na fleksibo isiwe njia ya kumuibia mtu ovataimu yake.

Ukitaka kuomba, usiende na malalamiko ya foleni. Nenda na karatasi: kazi zangu ni hizi, hizi lazima niwepo, hizi sio lazima, mwananchi atahudumiwa na nani nisipokuwepo, tujaribu miezi mitatu alafu tuangalie. Yule mama wa Bumbwini miezi mitatu ilipofika walikaa tena, na mstari mmoja ukaongezwa: wiki ya mwisho ya mwezi anaingia saa 1:30 kama wenzake, kwa sababu wiki hio malipo yanaanza asubuhi. Mstari huo aliuandika yeye mwenyewe.