Kero ya panya: ya mwenye nyumba au ya mpangaji?

Unaamka unakuta sabuni ya mche imetafunwa pembeni, mfuko wa unga umetobolewa, na unga umechora mstari hadi mlangoni. Ukimwambia mwenye nyumba, anakujibu: nunua sumu. Kisheria, mara nyingi jibu hilo halimtoi kwenye wajibu.

Barazani, kero ni chochote kinachoudhi, hata redio ya jirani. Katika Sheria ya Afya ya Jamii ya Tanzania ya mwaka 2009 neno hili ni zito zaidi: ni hali ya jengo, mtaro, choo au taka inayodhuru afya au inayoweza kuidhuru. Nyumba iliyogeuka maskani ya panya imo humo. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, na viroboto wake hueneza tauni, ile iliyozuka Lushoto, humuhumu mkoani Tanga, mwaka 1980.

Kujua nani abebe mzigo, fuata njia ya panya. Chukua nyumba ya vyumba sita pale Ngamiani, Tanga mjini: ukumbi katikati, choo uani, dari hakuna, kuta za vyumba zimeishia chini ya bati. Panya akishapenya kwenye mwanya wa ukuta na bati, vyumba vyote sita ni vyake, na mtego wako mmoja haufui dafu. Hapo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamshika mwenye nyumba. Akipangisha sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu, mitaro mikuu na sehemu za pamoja ni juu yake kuzitunza, na chumba sharti kifae kuishi binadamu muda wote wa upangaji. Wajibu huo unahesabika umo kwenye mkataba hata kama karatasi mliyosaini haikuutaja.

Mpangaji naye hajapona. Dagaa walioachwa wazi, sufuria zilizolala na ukoko, taka za wiki nzima nyuma ya mlango: hayo ni yake. (Panya wengi hawachimbi shimo, wanasema, mimi naona wapangaji wengi ndio hawalizibi.)

Anza kwa kumtumia mwenye nyumba barua au meseji yenye tarehe, pamoja na picha ya tundu lenyewe. Akikaa kimya, nenda serikali ya mtaa uulizie afisa afya. Huyo anaweza kukagua na kutoa notisi ya kuondoa kero, na anayeipuuza anaweza kufikishwa mahakamani. Ila kodi usiizuie kwa hasira: atakugeuzia kibao, na kesi itakuwa ya deni lako, panya wasitajwe kabisa.