Filamu za ndege zilizopigwa kwa ajili ya saa na rula

Kuna kipande kimoja cha filamu ambacho huenda umeshakiona bila kujua. Ndege ya jeti inakuja kutua juu ya manowari, inashuka mno, inagonga ukingo wa nyuma wa sitaha na kukatika. Nyuma panalipuka moto. Mbele, kichwa cha ndege kinabiringika kama pipa lililoachiwa mlimani. Ni tarehe 23 Juni 1951, ndege ni Grumman Panther, manowari ni USS Midway. Rubani, George Duncan, alikuwa ndani ya hicho kichwa kinachobiringika. Aliungua masikio, akapona.

Watengeneza sinema walikipenda kipande hicho kupita kiasi. Katika sinema moja ya 1976 kuhusu vita vya 1942 vya visiwa vya Midway, huko Pasifiki, rubani anarudi na ndege ya pangaboi, lakini anapogonga sitaha ndege yake imeshageuka jeti! Nyingine ya 1990 ilikitumia kama ajali ya F-14, ndege iliyoruka kwa mara ya kwanza 1970. Kazi yangu ni kutunza filamu za zamani za majaribio ya ndege na kuzieleza kwa wageni, na swali ninaloulizwa kila mara ni kama ni za kweli au za kuigiza. Ya Duncan ni ya kweli kabisa, ila imeitwa kutoa ushahidi kwenye kesi isiyoihusu.

Filamu ya majaribio ya ndege ya miaka ya 1940 hadi 1960 ilikuwa kifaa cha kupimia. Wamarekani waliokuwa kwenye jangwa la Mojave, katika kambi iliyoitwa Muroc na baadaye Edwards, walirusha ndege ambazo hakuna aliyejua zitafanya nini zikikaribia kasi ya sauti. Chuck Yeager aliivuka kasi hiyo tarehe 14 Oktoba 1947 ndani ya Bell X-1, iliyodondoshwa angani kutoka tumboni mwa B-29, ndege kubwa ya mabomu. Rubani wa majaribio hawezi kusoma geji zote huku akipigania roho yake, kwa hiyo katika ndege nyingi za namna hiyo kamera ilielekezwa kwenye geji imsomee. Filamu hizo zinachosha: dakika nzima za mishale inayotikisika. Mhandisi alizisubiri kwa hamu kuliko picha yoyote ya ndege ikipaa.

Kamera ya sinema ya kawaida hupiga picha 24 kwa sekunde. Kamera za kasi za wakati ule zilifika maelfu. Ukipiga picha 1,000 kwa sekunde, kisha ukazionyesha kwa mwendo wa 24, sekunde moja inavutwa ikawa karibu sekunde 42. Ndani ya kamera kulikuwa na kitaa kinachomweka kwa mapigo yanayojulikana na kuacha vidoa ukingoni mwa filamu. Ukihesabu vidoa unapata muda, hata kama mota ya kamera iliyumba. Na yale madoa meusi na meupe, mithili ya ubao wa drafti, yaliyopakwa ubavuni mwa ndege na roketi, hayakuwa mapambo: yalimpa mpimaji mahali pa kuweka rula. Umbali ukigawanya kwa muda, kasi hiyo hapo.

Mfano ninaoupenda ni wa John Paul Stapp, daktari wa jeshi la anga la Marekani. Alitaka kujua mwili unastahimili nini rubani anapojirusha nje ya ndege iliyo kwenye kasi kubwa, akaamua kukaa kitini mwenyewe. Tarehe 10 Desemba 1954, huko Holloman, New Mexico, alifungwa kwenye kigari cha roketi tisa kilichowekwa juu ya reli. Kilifika kilomita 1,017 kwa saa, kisha kikasimama ndani ya sekunde 1.4. Kwa kitambo kidogo mwili wake ulielemewa kana kwamba uzito wake umezidishwa mara 46. Kamera ya kawaida ingeambulia picha 34 tu za kusimama huko. Ya picha 1,000 kwa sekunde ingepata 1,400. Katika filamu za majaribio yake mashavu yanapeperuka kama nguo kwenye kamba, na ngozi inavutwa hadi unaliona umbo la fuvu. Siku ile alishuka macho yamevilia damu, haoni kitu. Uwezo wa kuona ulimrudia baadaye.

Kiswahili kina bahati hapa, maana mkanda wa filamu ulisaidia kuleta mkanda wa usalama wa gari. Stapp aliona kuwa marubani wanakufa barabarani pia, na mwaka 1955 akaanzisha mikutano ya wataalamu kuhusu ajali za magari.

Ukikuta filamu hizi mtandaoni, shuku sauti kwanza. Kamera za kasi zilikuwa bubu, na mngurumo unaousikia mara nyingi ulibandikwa baadaye, pengine wa injini nyingine kabisa. Shuku pia ufupi. Avrocar, kisahani kilichotengenezwa Canada kwa fedha za jeshi la Marekani na kurushwa Novemba 1959, ukikiona kwa sekunde tano utadhani kimetoka sayari nyingine. Tazama mkanda mzima: kinayumba kama ungo juu ya maji na hakipandi zaidi ya mita moja hivi. Mradi ulifungwa 1961.

Ipo moja ambayo siionyeshi kwa watoto. Tarehe 8 Juni 1966, ndege tano zenye injini za General Electric zilipangwa angani karibukaribu ili zipigwe picha za matangazo. F-104 ya Joe Walker, ndege ndogo ya kivita, iligusa ncha ya bawa la XB-70, ndege kubwa ya mabomu iliyokuwa kwenye majaribio, ikapinduka na kung'oa mikia miwili ya wima ya XB-70. XB-70 iliendelea mbele kwa takriban sekunde 16 kana kwamba hakuna kilichotokea, ndipo ikabingirika. Walker alikufa, na kati ya marubani wawili wa XB-70, Carl Cross alikufa, Al White akaokoka. Mpangilio ule wote ulikuwa wa kuifurahisha kamera.

Adui wa filamu hizi leo ni joto na unyevu, na sisi wa pwani tunavijua vyote viwili. Filamu za milimita 16 zilitengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, ambayo ikichakaa hutoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha uchakavu wenyewe. Ndani ya kopo tunaweka kikaratasi cha buluu cha kupima asidi. Kikigeuka kijani, kisha manjano, hali ni mbaya. Kopo likifunguliwa likanuka kama kachumbari, linatengwa na wenzake siku hiyo hiyo, maana mvuke wake huambukiza, na linaruka foleni ya kwenda kwenye skana.