Je, wajua kwa nini kufyeka kiwanja kunaweza kupunguza risasi mtaani?

Mtaa ukiingiwa na uhalifu, jambo la kwanza ambalo wakazi humwomba meya ni askari zaidi. Ni ombi la haki, maana anayelala kwa hofu hana muda wa kusikiliza habari za bustani. Hata hivyo, huko Philadelphia, Marekani, fyekeo na mifuko ya taka vimeonekana kufanya sehemu ya kazi ambayo tumezoea kuwaachia polisi, na ushahidi wake ni mzito kuliko wa mipango mingi ya usalama inayotangazwa kwa mbwembwe.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 jiji hilo lilipoteza viwanda na watu kwa wingi. Nyumba zikaachwa, zikabomoka zenyewe au zikabomolewa, na viwanja vitupu vikafika makumi ya maelfu. Kiwanja kisicho na mwangalizi hugeuka jalala upesi: magodoro, matairi, magari mabovu, majani yanayompita mtu kimo. Tangu miaka ya 1990, chama cha kilimo cha bustani cha jimbo la Pennsylvania, ambacho baadaye kilipewa kazi hiyo na jiji lenyewe, kimekuwa kikivishughulikia kwa namna ileile. Wanaondoa taka, wanasawazisha ardhi, wanapanda nyasi na miti michache, wanazungushia uzio mfupi wa mbao wenye nafasi za watu kupita. Kisha wanarudi kufyeka, tena na tena. Hakuna sanamu wala chemchemi.

Wakazi walisema mtaa umetulia. Je, ulitulia kwa sababu ya nyasi, au kwa jambo lingine lililotokea wakati huohuo? Timu ya watafiti iliyoongozwa na Charles Branas, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa na madhara mengine ya kiafya yanavyoenea katika jamii, ililipima suala hilo kama dawa inavyopimwa hospitalini. Walichukua viwanja 541, wakavigawa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu: vya kutengenezwa kikamilifu, vya kuzolewa taka na kufyekwa tu, na vya kuachwa vilivyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Katika mitaa yenye umaskini mkubwa, matukio ya silaha za moto karibu na viwanja vilivyoshughulikiwa yalipungua kwa asilimia 29, na wizi wa kuvunja nyumba kwa takriban asilimia 22. Wakazi waliohojiwa walieleza kwamba hofu ya kutoka nje imeshuka kwa asilimia 58, na kukaa nje kupumzika na kupiga soga kumeongezeka kwa asilimia 76. Uchambuzi mwingine wa jaribio hilohilo ulionyesha kuwa hali ya kujisikia mwenye huzuni nzito ilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 kwa walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa nyasi.

Kinachonigusa zaidi ni lile fungu la pili. Kuzoa taka na kufyeka peke yake nako kulipunguza uhalifu. Maana yake hata jiji lisilo na fedha za miti lina pa kuanzia.

Sasa, nyasi na risasi vinakutana wapi? Jibu la kwanza liko kwenye vichaka vyenyewe. Mtu mwenye bunduki haramu hapendi kukutwa nayo mwilini, kwa hiyo huificha mahali pa karibu: chini ya godoro bovu, ndani ya gari lililotelekezwa, katikati ya majani marefu. Ugomvi ukizuka, silaha iko hatua chache tu. Ukiondoa maficho, umeiweka silaha mbali na hasira, na hasira nyingi za mtaani hupoa kama hazikupata chombo.

Jibu la pili ni macho ya watu. Kiwanja kikiwa safi, wazee hutoa viti nje, watoto hucheza, majirani husalimiana na kujuana kwa majina. Anayetaka kufanya ubaya anajua ataonekana na atatambuliwa. Ndiyo maana uzio ule ni mfupi: unamzuia mwenye lori la kumwaga taka, unatangaza kwamba mahali hapa pana mwenyewe, lakini hauzibi macho wala haumfungii jirani nje. Ukuta mrefu ungefanya kinyume kabisa, kwa kuwa nyuma ya ukuta hakuna anayeona.

Wapo wanaouliza kama uhalifu haukuhamia tu mtaa wa pili. Watafiti waliangalia hilo pia, na hawakukuta ushahidi kwamba ulihama.

Mambo mengine mawili husahaulika hapa. Kwanza, kazi yenyewe ni ajira. Huko Philadelphia sehemu ya ufyekaji hupewa vikundi vya wakazi wa mitaa husika, na wamo waliotoka gerezani ambao waajiri wengi huwakwepa. Pili, ardhi yenye mimea hunywa maji ya mvua na kupoza hewa. Medellín, Kolombia, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa miongoni mwa majiji yenye mauaji mengi kuliko yote duniani, imetengeneza njia 30 za kijani, yaani kingo za barabara na mito zilizopandwa miti na mimea, kati ya 2016 na 2019, ikawafunza watu 75 kutoka mazingira magumu kuwa watunza bustani wa jiji, na joto katika maeneo hayo limeshuka kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi.

Kama ni rahisi hivi, mbona majiji mengi hayafanyi? Naamini kikwazo kikubwa ni namna bajeti zinavyogawanywa. Idara ya bustani ndiyo inayolipa mafundi na mafuta ya mashine, lakini kinachookolewa kinabaki kwenye mifuko ya wengine: hospitali isiyompokea majeruhi, mahakama isiyoendesha kesi, polisi wasioitwa usiku. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba kila dola 1 iliyotumika kwenye viwanja vya Philadelphia iliwaokolea walipa kodi dola 26. Fedha hizo hazionekani katika hesabu za idara ya bustani hata kidogo, na bajeti ikibana, ufyekaji ndio wa kwanza kukatwa. Baada ya msimu mmoja wa mvua, kichaka kimerudi.

Lipo pia tatizo linaloletwa na mafanikio yenyewe. Mtaa ukitulia, thamani ya nyumba hupanda, na mpangaji aliyevumilia miaka ya risasi anaweza kuhamishwa na kodi. Kwa hiyo ni muhimu kujua ardhi hiyo itaishia mikononi mwa nani. Philadelphia ilipitisha mwaka 2013 sheria ya kuunda benki ya ardhi, chombo cha jiji kinachoweza kuvimiliki viwanja vilivyotelekezwa na kuvitoa kwa ajili ya nyumba za bei nafuu au bustani za wakazi wenyewe, kabla mnunuzi wa mbali hajavitia macho.