Multimita kusoma volti 12 sio ushahidi kwamba waya ni mzima

Jamani leo naomba tumalizane na hili. Naletewa magari kila mara taa ya upande mmoja imefifia, mwenye gari kashanunua globu zaidi ya mara moja, kashapita kwa fundi, fundi kachomoa soketi kaweka multimita (kile kifaa cha kupimia umeme) kasoma 12.6, kamwambia "bosi moto unafika vizuri, hapo umeuziwa globu feki". Basi anarudi Kariakoo kununua nyingine, anafunga, taa ni ile ile. Alafu kinachofuata ndo kinaniuma zaidi, anaambiwa aweke globu ya wati 100 "ili ipambane". Ipambane na nini sasa, wakati hata ya wati 55 imekosa umeme wa kula?

Sikieni. Multimita ya kawaida ukiiweka kwenye volti ina ukinzani (kizuizi cha umeme) wa megaomu 10 hivi, yani inapitisha kama mikroampea moja tu. Globu ya H4, ile yenye nyuzi mbili ndani, moja ya dimu (mwanga wa chini) na moja ya fulu (mwanga wa mbali), kwenye dimu ni wati 55, gawa kwa 12 unapata ampea 4.6. Hio ni karibu mara milioni nne ya umeme uliopita kwenye multimita yako. Waya unaweza kuwa umeoza ndani, nyuzi zote zimekuwa kijani imebaki moja inashikilia, na bado multimita itakusomea 12.6 safi kabisa, maana kwa mikroampea moja hata huo uzi mmoja unatosha na kubaki. Gogo lililolazwa juu ya mtaro mtu anavuka vizuri tu, haina maana na fuso litapita. Ukichomoa soketi umeondoa mzigo, yani globu inayovuta umeme, na bila mzigo ubovu wa waya hauonekani. Hata ile kuweka kwenye mlio, ikapiga piii mtu akasema waya umeshika, ni yale yale, inalia hata kama kuna omu kadhaa katikati. Na kwa ampea 4.6 nusu omu peke yake inakula volti 2.3.

Kipimo cha kweli ni hiki. Washa gari, washa taa, soketi ibaki imechomekwa kwenye globu. Kwanza pima betri yenyewe injini ikiwa inaunguruma, unategemea 13.8 mpaka 14.4, ikiwa chini ya hapo na taa zote mbili zinaongezeka mwanga ukikanyaga mafuta nenda kwenye alteneta (inayochaji betri) na mkanda wake, acha kusumbua soketi. Betri ikiwa sawa, weka waya mmoja wa multimita kwenye posi (chanya) ya betri na mwingine utoboe kwa nyuma ya soketi kwenye pini ya moto. Usishangae unapima posi kwa posi, ndo hivyo hivyo, unachosoma ni volti zilizopotea njiani. Alafu hamia upande wa pili, kutoka pini ya nega (hasi) ya globu mpaka nega ya betri. Upande huu ndo watu hawaupimi kabisa! Moto utaufuata mpaka kwenye fyuzi na swichi, lakini nega inaachwa kana kwamba umeme ukishafika kwenye globu unaishia hapo.

Mfano gari moja la Kigamboni. Betri 14.1 injini inawaka, upande wa posi imepotea 0.6, upande wa nega imepotea 2.3. Kwaiyo globu inapata 11.2. Mtu atasema si ni karibu 12 tu, shida iko wapi? Shida ni kwamba mwanga wa halojeni haushuki sambamba na volti, unaporomoka. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 mwanga unapungua kwa kama asilimia 30. Kutoka 14.1 mpaka 11.2 unabaki na chini ya nusu ya mwanga, na ule uliobaki umekuwa wa njano. Sasa pita Chalinze usiku na nusu ya taa alafu lori limeharibika mbele yako limewekewa majani badala ya pembetatu. Ndo maana hili jambo silichukulii kirahisi.

Na kilichokuwa kinakula zile 2.3? Gari lilishanyooshwa bodi upande ule, likapigwa rangi, na ringi ya nega ya bodi, ile ya mwisho wa waya inayofungwa kwa nati kwenye chuma cha gari, ikafungwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, umeme ulikuwa unapita kwenye nyuzi za nati tu. Msasa, chuma king'ae, ringi mpya, nati ikazwe, grisi kidogo juu kuzuia kutu, kwisha. Globu ilikuwa nzima siku zote, na zile alizotupa nazo naamini zilikuwa nzima. Magari ya ukanda wa pwani hili ni kubwa kuliko bara, hewa ya chumvi inaingia kila soketi, ongeza na wale wa kuosha magari wanaoelekeza presha moja kwa moja ndani ya boneti.

Ila kuna kitu lazima nikiseme maana mafundi wengi wanakwama hapa. Toyota nyingi za zamani, Hilux, Land Cruiser, ule waya wa pamoja kwenye globu, unaohudumia dimu na fulu zote mbili, sio nega, ni posi. Moto unafika kwenye globu kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) na fyuzi, kila upande na fyuzi yake, na swichi ya kwenye usukani inachofanya ni kuipeleka dimu au fulu kwenye nega. Sasa fyuzi ya kushoto ikiungua unaona maajabu: umewasha dimu, kulia inawaka kawaida, kushoto inawaka kwa kufifia badala ya kuzima, na kile kitaa cha bluu cha fulu kwenye dashibodi kinawaka kwa mbali. Watu wanafungua usukani, wanabadilisha swichi nzima. Kumbe umeme umezunguka, umetoka upande wa kulia ukapita uzi wa fulu, ukaingia globu ya kushoto kwa mlango wa nyuma, ukapita nyuzi zake zote mbili ndo ukafika nega. Kitaa cha bluu kikififia wakati uko kwenye dimu, angalia fyuzi kabla hujagusa kitu kingine chochote. Kwenye magari ambayo wa pamoja ni nega ya bodi, dalili inafanana na hiyo ila chanzo ni nega iliyokatika upande uliofifia. Kwaiyo ujue kwanza gari lako ni la aina gani, ukidhania tu utapeleka posi kwenye bodi.

Hizi wati 100 naomba muziache. Ni zaidi ya ampea 8 kila moja, kwenye waya na swichi zilizopangiwa nusu yake. Fyuzi itaungua, fundi ataweka kubwa zaidi au atazungushia karatasi ya sigara, na hapo umeondoa kitu pekee kilichokuwa kinalinda waya. Soketi inayeyuka, plastiki inanata kwenye pini, na pini zikishalegea kwa moto ukinzani unaongezeka na joto linazidi. LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni sina muda nazo sana, zinakula umeme kidogo kwaiyo zinaficha waya mbovu, na mwanga wake hautoki pale pale uzi wa halojeni ulipo, unampofusha anayekuja. Na kama vioo vimekuwa vya njano, visugue, hilo sio la umeme.

Kuhusu kiwango cha kukubali, vitabu vinasema nusu volti kwa mzunguko mzima. Ukweli ni kwamba gari la miaka 20 kuipata hiyo nusu bila kubadilisha waya ni shughuli, mi nikiona 0.7 au 0.8 na pande zote mbili zimelingana huwa naliachia, na sina hakika kama ni sahihi. Pia kuna magari nasafisha nega, nabana pini, nachomoa na kuchomeka soketi, taa inapona na siwezi kukuapia ni kipi kati ya hivyo kilichoponesha. Kuunga waya nako, wengine wanachoma risasi (wanalehemu) wengine wanabana kwa mkasi wa pini. Risasi inapitisha vizuri ila pale inapoishia waya unakuwa mgumu na mtikisiko unaukata hapo hapo, kubana vibaya nako kunaingiza kutu. Mi nabana alafu naweka mpira wa kusinyaa kwa joto, ila fundi ninayemheshimu sana anachoma risasi maisha yake yote na kazi zake zinadumu.

Kama waya umechoka kabisa, weka rilei mbili, ya dimu na ya fulu, waya mpya wa milimita za mraba 2.5 toka betri na fyuzi iwe karibu na betri kabisa. Soketi moja ya zamani itumie kuwashia rilei tu: koili (ile sumaku ya kuiwasha) ya rilei ya dimu iunge kati ya pini ya pamoja na pini ya dimu, ya fulu kati ya pamoja na fulu. Hivyo haijalishi gari lako pamoja ni posi au nega, koili inavuta vyovyote, isipokuwa rilei yenye dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) ndani, hiyo ukigeuza unaua dayodi. Soketi mpya za globu pamoja yake iende nega, na hiyo nega usiirudishe kwenye ile nati ya zamani yenye rangi, ivute mpaka betri. Ukimaliza rudia kipimo taa zikiwa zinawaka, pande zote mbili, posi na nega.